Papai Bichi Kinuni

Kwetu Tanga papai bichi tulilijua kwa kazi moja, kulainishia nyama ya mishkaki. Utomvu wake huila nyama ngumu hata ikalegea. Basi siku nilipolitia kinuni, mwaka 1998, mama alinitazama kama mtu aliyerudi masomoni na kichaa.

Masomo hayo niliyafanya kaskazini ya Bangkok, katika Asian Institute of Technology. Karibu na lango aliuza chakula mama mmoja wa makamo, mtu wa Isan, sehemu ya kaskazini-mashariki inayopakana na Laos. Tulimwita Pa, yaani shangazi. Mali yake ilikuwa meza, kinu kirefu cha udongo na mchi wa mti. Ukifika alikuuliza swali moja tu: pilipili ngapi? Siku ya kwanza nilijitia ushujaa, nikasema tano. Yaliyofuata sisimulii.

Chakula chenyewe huitwa som tam. Som ni uchachu, tam ni kutwanga. Papai liwe bichi kabisa, nyama yake nyeupe. Hulimenya, nikalishika mkono wa kushoto, nikalichanja kwa kisu kirefu mara nyingi kwa urefu wake, kisha nikalikwangua zikatoka nyuzi nyembamba. Kinuni hutangulia kitunguu saumu na pilipili, zikafuata sukari ya mnazi, kunde changa zilizokatwa pamoja na maganda yake, uduvi mkavu, karanga zilizokaangwa na nyanya. Halafu ndimu na nam pla, ule mchuzi wa samaki wenye chumvi kali. Papai huja mwisho, na hapo ndipo wengi huharibu, maana mchi haupigwi kama wa kisamvu. Mkono mmoja hutwanga taratibu, wa pili hugeuza kwa kijiko, ili nyuzi zipondeke kidogo tu, zinywe ndimu, lakini zibaki zikilia menoni. (Ajabu ni kwamba papai na pilipili, vyote viwili, asili yake ni Amerika.)

Nam pla sikuipata Tanga mwaka ule. Niliponda uduvi na chumvi, nikatia maji ya moto, nikachuja. Nadhani Pa angalicheka.

Sikufanya hayo kwa kujionyesha, msomaji. Baba alikuwa amefariki, mama yumo edani, na kwa wiki sita hakula ila uji, tena nusu kikombe. Ndugu walileta pilau, walileta samaki wa kupaka. Sahani zilirudi kama zilivyokwenda. Nilikuwa naogopa kumzika na yeye.

Nilipomwekea sahani yangu akasema, "Mwanangu, sasa wataka kunilainisha mimi?"

Tangu msiba sikuwa nimemsikia akifanya mzaha. Akaonja, akakunja uso. Akaonja tena.

"Baba yako angalikipenda hiki. Yeye na maembe mabichi ya pilipili, hukumtenganisha nayo."

Machozi yakamtoka, akayasingizia pilipili. Nilikuwa nimetia moja tu, lakini sikumbishia. Alikula nusu ya sahani.

Kesho yake asubuhi nilisikia mchi. Nilimkuta jikoni, amekaa juu ya kigoda, kinu chetu cha mti mbele yake, anaponda kitunguu saumu.

"Papai jingine liko wapi?" aliuliza bila kuinua uso. "Na leo ndimu natia mimi. Jana ulifanya uchoyo."