Shajara ya Benchi la Bakteria, Dodoma

Jumatano, 24 Februari 2021

Mji mzima unazungumzia video ya jana: Waziri wa Fedha, Dkt. Philip Mpango, akihema na kukohoa mbele ya waandishi wa habari nje ya Hospitali ya Benjamin Mkapa. Wiki iliyopita, tarehe 17, Katibu Mkuu Kiongozi, Balozi John Kijazi, alifia hospitali hiyohiyo, na siku hiyohiyo Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, akafia Muhimbili. Takwimu za korona nchini ziliishia wagonjwa 509, mwaka jana. Fomu zinazonifikia maabara zinasema "nimonia kali".

Jina la ugonjwa halinisumbui sana. Kinachonisumbua ni mstari wa chini yake, ule wa dawa: seftriaksoni na azithromaisini, kwa kila mtu, tangu anapopokelewa. Kirusi hakifi kwa antibayotiki, na kila daktari analijua hilo. Anaandika kwa sababu hana kipimo mkononi, ndugu wamemzunguka, na kutoandika kitu kunaonekana kama kumtelekeza mgonjwa wao. Namwelewa. Ila Waingereza wameshaipima azithromaisini kwa maelfu ya wagonjwa wa korona, kwenye jaribio lao la RECOVERY, na haikupunguza vifo.

Jumamosi, 20 Machi 2021

Bendera nusu mlingoti tangu Mama Samia alipotangaza msiba wa Rais Magufuli Jumatano usiku. Sampuli chache. Zote zimechukuliwa mgonjwa akiwa ameshachomwa seftriaksoni siku kadhaa, kwa hiyo hakuna kilichoota. Wodini watasoma "hakuna bakteria", na dawa itaendelea vilevile! Nimeandika pembeni kwa kalamu nyekundu: damu ichukuliwe KABLA ya sindano ya kwanza.

Alhamisi, 29 Julai 2021

Rais Samia amechanjwa jana hadharani, Ikulu. Dozi zaidi ya milioni moja za Johnson & Johnson zimeingia nchini. Kwetu ICU imejaa, na mitungi ya oksijeni inashushwa usiku kucha.

Jumapili, 8 Agosti 2021

Nane Nane, nami niko zamu. Makohozi ya mzee wa Bahi, yaliyovutwa kutoka kwenye bomba lake la kupumulia, yameota.

Mzee huyu alikuwa ameanza kuishinda korona. Wiki iliyopita walikuwa wanampunguzia oksijeni. Ghafla homa ikarudi, makohozi yakawa mazito, ya kijani. Ndivyo inavyokuwa: bomba likishapita kooni, mtu hawezi kukohoa uchafu nje, na bakteria wa mdomoni na wa mikononi mwetu wanateremka nalo hadi mapafuni. Ndani ya bomba wanajijengea utando ambao dawa inapenya kwa taabu. Hapo ongeza deksamethasoni, inayomsaidia mgonjwa wa korona aliye kwenye oksijeni lakini inaulegeza ulinzi wa mwili.

Kwenye sahani ya MacConkey makundi ya bakteria yamekaa ya waridi, makubwa, yanang'aa. Nimegusa kundi moja kwa kitanzi na kuinua taratibu. Likavutika kama mlenda, uzi mrefu usiotaka kukatika. Klebsiela. Sahani ya pili ndiyo ya vidonge vya karatasi vyenye dawa. Dawa ikifanya kazi, pembeni ya karatasi panabaki duara tupu. Ampisilini: hakuna duara. Seftriaksoni: bakteria wameota hadi ukingoni mwa karatasi. Siprofloksasini na jentamaisini, hivyohivyo. Meropenemu, tunayoiita dawa ya akiba, imetoa duara la milimita 14. Ilitakiwa ifike 23. Nimepima tena kwa rula nyingine. Ni 14. Iliyobaki ni amikasini, nayo mapafuni haifiki vizuri na figo inaziumiza.

Mchana kijana wake amesimama mlangoni, kashika mfuko wa khaki wa famasi.

"Shikamoo mama. Majibu ya baba yametoka?"

"Marahaba mwanangu. Daktari atakueleza, nimeshampigia."

"Dawa hii hapa, nimeipata. Jana niliuza ng'ombe Msalato."

Mfukoni ni meropenemu, chupa za kutosha wiki nzima. Si kazi yangu kumpa ndugu majibu, nami sikumpa. Nimempigia daktari mara ya pili, nikamwambia amwahi kijana kabla hajaongeza chupa nyingine.

Jumatano, 11 Agosti 2021

Tumepita ICU na mtu wa kudhibiti maambukizi, tukipangusa kwa pamba: reli za vitanda, sinki, chupa za maji ya kulainisha oksijeni, skrini za mashine. Chupa moja imejazwa maji ya bomba juu ya maji ya jana.

Lakini nilichokiona bila pamba ndicho kinachonikera. Nesi kavaa glavu mbili-mbili, gauni, barakoa na miwani. Anafyonza makohozi kitanda cha kwanza, anarekebisha dripu kitanda cha pili, anamgeuza mgonjwa wa tatu, kwa glavu zilezile. Anajikinga yeye, na simlaumu. Amewazika wenzake mwaka huu. Zamani, kwa mikono mitupu, angenawa kila kitanda. Hofu ya kirusi imetuondoa kwenye sinki. Na muuguzi mmoja kwa wagonjwa wengi namna hii, hata akitaka kubadilisha glavu, boksi litaisha kabla ya saa sita.

Ijumaa, 13 Agosti 2021

Reli ya kitanda jirani na cha mzee imeotesha klebsiela yenye usugu uleule. Mzee amefariki alfajiri. Hati ya kifo inasema nimonia, na ni kweli, ila haisemi ya nani.

Jumatatu, 11 Oktoba 2021

Jana hapa Dodoma umezinduliwa mpango wa mkopo wa IMF, shilingi trilioni 1.3. Madarasa, maji, na kwa upande wetu majengo ya ICU na mitambo ya oksijeni. Oksijeni tuliililia, ije. Ila ICU isiyo na benchi la kuotesha bakteria ni chumba cha kukisia, tena kwa dawa ghali. Agari, damu ya kondoo ya kuchanganyia sahani, vidonge vya karatasi: hakuna kiongozi anayekatiwa utepe mbele ya vitu hivi.

Ijumaa, 26 Aprili 2024

Muungano umetimiza miaka 60; gwaride kwenye runinga, mimi na simu yangu. Shirika la Afya Duniani limetoa hesabu leo. Kati ya wagonjwa wa korona waliolazwa hospitalini, asilimia 8 tu walikuwa na maambukizi ya bakteria yaliyohitaji antibayotiki. Waliopewa ni asilimia 75. Kanda ya Afrika, 83.

Na usugu haukuanza na korona. Makadirio yaliyochapishwa na The Lancet yanasema mwaka 2019 uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani. Korona iliukuta umeshakomaa, ikauongezea chakula.

Jumatatu tuna kikao cha kamati ya dawa. Meropenemu iko kabatini kwa mfamasia, na mwenye kuiandika ni yeyote aliye zamu. Nitaomba iwe na mlinzi mmoja, asiitoe bila karatasi ya majibu kutoka benchi hili. Mgonjwa ambaye hataifikia kesho apewe usiku huohuo, lakini damu yake iwe imeshatufikia.