Bahari Iko Mbali na Nyakanazi

Nyakanazi ni njia panda. Barabara moja hutoka Kahama, nyingine huenda Kakonko na Kigoma, na ya tatu huelekea kaskazini, nayo mbele hugawanyika kwenda Biharamulo na Ngara. Kijana mmoja wa hapo alirudi kutoka chuo kikuu na shahada ya sayansi ya mazingira ya majini. Baba yake, aliyeuza ng'ombe watatu kwa ajili ya karo, alimwuliza kwa upole: "Mwanangu, hapa kwetu bahari iko wapi?" Kijana aliinama asijibu. Alikuwa amekwisha andika maombi ya kazi kwa miaka miwili.

Swali hilo halikuwa la ujinga. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi iliundwa mwaka 1980, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira mwaka 1983. Walakini viti vyake ni vichache, na wavitamanio ni wengi. Asomaye elimu hii kwa kutazamia kiti peke yake aghalabu huketi chini.

Lakini ukosefu wa kiti si ukosefu wa kazi. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa kama siku moja. Kila chungu kilitaka kuni, na vilima vya Ngara vikavuliwa nguo. Hapana wa kulaumiwa kwa kumpikia mtoto wake. Walakini mvua haiuonei huruma udongo ulio uchi. Kujua mti upi urudi kwanza, na maji yazuiwe wapi, ni kazi ya mwenye elimu hiyo. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yataka athari za miradi mikubwa zipimwe kabla miradi haijaanza. Na Kabanga, wilayani Ngara, nikeli imo ardhini.

Siku nyingine kijana alijibu. Maji ya Ngara, alisema, huingia mito ya Ruvubu na Kagera, yakafika ziwa Viktoria, kisha kwa mto Naili yakaishia bahari ya Mediterania. "Bahari iko mbali, baba, lakini njia yake yaanzia hapa jirani."

Mzee alifikiri kitambo, kisha akamkatia kipande cha shamba kando ya kijito, apate kuotesha miche. Barua ya kazi haijaja bado. Miche imeota, na majirani wawili wamekwisha kuja kuuliza bei.