GESI HAIISHI, INAVUJA

Leo somo letu linatoka chini ya boneti.

Wengi wetu tunaamini gesi ya AC ya gari huisha kama petroli: unatumia, inapungua, unaenda kujaza. Fundi mmoja wa AC pale Bungoma, ndugu aliyeokoka, alinieleza kwamba si hivyo. Petroli inachomwa. Gesi ya AC inazunguka tu ndani ya mabomba yaliyofungwa, kutoka kompresa hadi kondensa pale mbele, kisha evapereta nyuma ya dashibodi. Inabeba joto la ndani, inalitoa nje, inarudi kuanza tena. Kiasi kidogo sana hupenya kwenye mipira kwa miaka mingi, lakini AC ikiacha kutoa baridi wiki tatu baada ya kujazwa, kuna mahali inavuja.

Gari letu la huduma lilikuwa limejazwa mara mbili kwenye gereji nyingine, na hakuna aliyeuliza gesi ya kwanza ilienda wapi. Kitale jambo hilo halionekani. Tuko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, asubuhi ya Julai unatafuta sweta, nani atawasha AC? Ni ukiteremka ndipo unajua. Unapita Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, ukifika Webuye umeshafungua dirisha, na pale Kanduyi shati limegandamana na mgongo.

Fundi akasema hata hiyo baridi ya Kitale inachangia. AC isiyowashwa kwa miezi, mafuta yake hayazunguki, na sili ya kompresa hukauka ikaanza kupitisha gesi. Ushauri wake ni kuiwasha dakika kumi hivi kila wiki, hata wakati hakuna joto. Wale wanaoomba wakati wa joto peke yake, hiyo ni yenu, mimi napita tu.

Tundu kubwa utalisikia. Dogo halina sauti, na kulitafuta ni kazi ya subira. Kwanza alitazama kwa macho. Gesi hutembea pamoja na mafuta ya kulainisha kompresa, hivyo inapotoka, mafuta kidogo hutoka nayo na vumbi hunasa hapo. Kompresa yetu ilikuwa na uchafu mweusi, lakini mafuta ya injini nayo hudondokea upande ule, kwa hiyo hakutaka kukisia. Akanyonya hewa yote kwa pampu, akafunga, akatazama geji nusu saa. Mshale haukusogea. Mwingine angesema gari ni zima, lipa uende. Yeye alisema kuna tundu linalojifunga ukivuta na kufunguka ukisukuma. Akaingiza naitrojeni kwa presha, akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo. Hakuna kiputo. Lakini povu halifiki vizuri nyuma ya klachi ya kompresa, naye alilijua hilo. Mwishowe akatia gesi pamoja na rangi maalumu, akaniambia niendeshe wiki mbili nikiwa nimewasha AC, kisha nirudi.

Niliporudi alizima taa za gereji, akamulika kwa tochi ya mwanga wa zambarau. Nyuma ya klachi paling'aa kijani kibichi. Sili moja tu, upana wa kifuniko cha soda.

Na gesi hiyo ikitoka haipotei bure. Inaitwa R-134a, na kilo moja yake angani huteka joto zaidi ya mara 1,000 ya kilo moja ya kaboni dioksidi kwa kipindi cha miaka 100. Ni moja ya gesi ambazo mataifa yalikubaliana Kigali mwaka 2016 kuzipunguza.

Sasa tuje kanisani. Najua kuna atakayeniambia, Pasta, Paulo aliwaagiza Waefeso wajazwe Roho, na Kigiriki chake kina maana ya kuendelea kujazwa. Kweli kabisa, nami nitaendelea kuwaita mbele. Lakini nabii Hagai aliona watu wanaotia mshahara kwenye mfuko wenye matundu, na hakuwaambia waombe mshahara mkubwa zaidi. Aliwataka wachunguze jinsi wanavyoishi. Madhabahu nyingi za siku hizi ni kama ile gereji ya kwanza.

Kuna ndugu mmoja, amenipa ruhusa niseme bila kumtaja. Kila krusedi yuko mbele. Jumapili anawaka, Alhamisi amezima. Watumishi wamemwekea mikono, wamemkemea roho ya uzito, wamempaka mafuta. Tulipokaa naye jioni moja, kabla ya maombi nilimuuliza habari za wiki yake, siku kwa siku. Jumatatu sawa. Jumanne sawa. Jumatano ni zamu yake kupeleka maziwa ya kikundi, na njia inapita kando ya shamba alilowaachia baba yao. Sauti ikabadilika. Nikageuza mazungumzo, tukaongea mvua, watoto, bei ya mbolea, akacheka. Nikarudi shambani, sauti ikabadilika tena.

Ni miaka sita hajasalimiana na kaka yake mkubwa kwa sababu ya mistari minne ya mahindi kwenye mpaka. Watoto wa nyumba hizo mbili wanasoma shule moja na hawatembei pamoja kurudi nyumbani.

Wiki jana walikaa meza moja kwa mara ya kwanza, mama yao katikati. Chai ilinywewa, maneno yakawa machache. Mpaka bado, mpimaji wa ardhi anatarajiwa Alhamisi hii saa nne asubuhi. Mnaofunga wiki hii, naomba saa hiyo muiweke mbele za Bwana.