Cox, Ovale na Mishale: lugha ya wapenda motokari za zamani

Wako watu wanaopenda ile Volkswagen ya zamani, yenye mgongo wa mviringo, kuliko motokari yoyote mpya. Kwa Kifaransa tunaiita Coccinelle, lakini wao kwa wao wanasema Cox, na mwenye kuipenda ni coxiste. Kule Meksiko ni Vocho, Brazili ni Fusca, Indonesia ni Kodok, maana yake chura. Hata neno kombi, ambalo wengi wetu tunaitia kila basi ndogo, lilianzia kwa motokari za kampuni hiyo hiyo.

Tungeweza kuacha maneno hayo kwa wanaume. Lakini tangu baba mukwe afariki, Coccinelle yake imelala nyuma ya nyumba chini ya turubai, na mama mukwe anatafuta pesa za shule za wajukuu. Mnunuzi mmoja alikuja, akaizunguka mara mbili, akasema ni vyuma vya kutupa, akatoa dola 150. Kisha tukamsikia kwenye telefone akimwambia mwenzake, kwa sauti ya furaha: « Ni ovale! Na mishale yake iko! » Nani anafurahia vyuma vya kutupa namna ile?

Tulienda kumuuliza fundi mzee wa mtaa wetu. Akacheka, akaketi, akatufundisha kama watoto wa darasa la kwanza.

Ovale ni dirisha la nyuma. Coccinelle za kwanza zilikuwa na dirisha lililogawanyika vipande viwili. Hizo wanaziita split, na Wadachi wanazilinganisha na mkate wao wa kusokotwa, Brezel. Toka mwaka 1953 mpaka 1957 dirisha likawa moja, dogo, la umbo la yai. Baadaye likapanuliwa. Kwa hiyo kioo kile kidogo, ambacho baba alikinungunikia kila akirudi nyuma, ndicho wanachokitafuta.

Mishale ni vile vijiti vyenye taa vinavyochomoza ubavuni, karibu na mlango, ukitaka kukata kona. Ni vya zamani, kabla ya taa za kupepesa.

Motere iko nyuma, mizigo mbele. Haina maji wala radiateri. Feni inasukuma upepo juu ya mitungi minne iliyolala, miwili kila upande. Sauti yake ya kukwaruza inatoka hapo, si ugonjwa. Na ovale haina kipimo cha esansi! Motere ikianza kukohoa, unasukuma kwa mguu kiwiko kidogo karibu na miguu, akiba inafunguka, unatafuta kituo haraka. Mama mukwe alikumbuka kiwiko hicho mara moja. Alikisukuma mwenyewe njiani, baba akiwa kwenye usukani, wakigombana.

Fundi alituambia jambo moja zaidi: namba ya motokari imegongwa kwenye chuma chini ya kiti cha nyuma, na kwayo mwaka unajulikana. Tulinyanyua kiti, tukapangusa vumbi kwa kitambaa. Namba inasomeka yote. Tumeiandika kwenye daftari, pamoja na mishale miwili na kioo kisichopasuka.

Mnunuzi anarudi siku ya posho. Mama ameshatoa turubai.