Mgongo wa Ng'ombe

Nilipokuwa mwalimu, mwanafunzi mmoja aliniletea ng'ombe wa udongo aliyempaka rangi. Alikuwa mwekundu, ila mgongo ulikaribia manjano. "Mwalimu, jua limempiga hapo," alijitetea. Nikamjibu kuwa ng'ombe mwekundu ni mwekundu, nikamnyima alama.

Baada ya kustaafu hapa Tarime, nilianza kuwachongea wajukuu wanyama wadogo kwa mawe laini yanayochimbwa Tabaka, Kisii, ng'ambo ya mpaka. Ng'ombe wangu wa kwanza nilimpaka wekundu mtupu. Mjukuu akauliza kama ni tofali.

Kesho yake nilisimama zizini jua likichomoza. Migongo iling'aa, matumbo yalikuwa na giza. Tangu hapo naanza na rangi iliyokoza. Ikikauka, naichanganya na manjano kidogo kidogo, nikipanda kuelekea mgongoni. Kabla haijakauka, nafuta mstari unaotenganisha rangi kwa brashi yenye unyevu. Nyeupe siitumii, maana hugeuza wekundu kuwa waridi.

Yule mtoto alikuwa mchungaji. Alimtazama ng'ombe kila siku. Mimi nilitazama daftari. Zile alama nadaiwa hadi leo.