Kofia Iliyokatwa Vipande

Kila mwaka, ifikapo wiki ya pili ya Septemba, mji mdogo wa Pendleton, ulioko mashariki ya jimbo la Oregon, Marekani, katikati ya makonde ya ngano, huacha shughuli zake na kufungua milango ya uwanja wake kwa mashindano ya farasi yaitwayo Round-Up, yaliyoanzishwa mwaka 1910 na ambayo, ghairi ya miaka miwili ya Vita Vikuu vya Pili na mwaka 2020 wa maradhi ya korona, hayajapata kukatika. Mimi, niliyezaliwa Lamu katika mtaa wa Mkomani na kukua na sauti ya matari ya Maulidi masikioni, nilifunga safari kutoka Portland, mwendo wa zaidi ya saa tatu kwa gari, nikitaraji kuona vumbi na farasi tu.

Gwaride lao la Ijumaa halikubali chombo chenye injini: hupita farasi, magari ya kukokotwa na baghala, nao ni wa kwato, si wa tanga. Walionizunguka walistaajabu, mimi, niliyetoka mji ambao mizigo yake hubebwa na punda, na ambao Maulidi yake hayatimii bila ya mashindano ya punda pale pwani, sikuona ajabu. Kilichonishika ni kisa kimoja.

Mwaka 1911, katika fainali ya kupanda farasi wasiofugika, waliobaki walikuwa watatu: John Spain, mzungu, Jackson Sundown, wa kabila la Nez Perce, ambaye miaka mitano baadaye, akiwa na umri wa miaka 53, angetwaa ubingwa, na George Fletcher, mtu mweusi aliyekulia papo hapo Pendleton. Sundown aliangushwa na farasi wake. Fletcher alimpanda wake kwa namna iliyowafanya watazamaji wainuke vitini. Lakini waamuzi, madhali ngozi yake ilikuwa ile, wakampa Spain ushindi na seruji ya zawadi. Hadhara ikachafuka. Hapo Til Taylor, mkuu wa polisi wa wilaya, ambaye cheo chake huitwa sherifu, wala asichanganywe na masharifu wetu, akaitwaa kofia ya pama ya Fletcher, akaikata vipande, akaviuza kwa watazamaji, na fedha zote akampa aliyedhulumiwa.

Leo sanamu ya shaba ya Fletcher iko katika barabara kuu ya mji. Nilipoifikia nilimkuta mzee mmoja, mwenye beji ya wale wanaojitolea bila ujira, akifuta kinyesi cha ndege begani mwa sanamu kwa leso yake. Alinisimulia kisa chote hali mkono wake haukomi kufuta, na alipofika kwa waamuzi hakusema "walimdhulumu", alisema, "Tulimdhulumu." Wakati ule hata baba yake alikuwa hajazaliwa.

Sikuondoka pale bila shaka moyoni. Kisa cha kofia ni chepesi kusimuliwa, maana mji uliodhulumu ndio huo huo ulionunua vipande, na msimulizi hutoka na sifa pamoja na lawama. Hapo kando ya uwanja, watu wa makabila ya Cayuse, Umatilla na Walla Walla hupiga mamia ya mahema yao kila Septemba. Mababu zao, kwa mkataba wa 1855, waliachia ekari zaidi ya milioni 6 za ardhi, na kwa hilo hapana kofia iliyokatwa. Hata hivyo, lile "tu" la yule mzee halikunitoka akilini njia nzima ya kurudi.

Kwetu Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Ngazija, aliwasomesha watumwa na watoto wao wakati ambapo waungwana wa Lamu, na mitaa yetu ya Mkomani ikiwa mbele, waliona elimu si haki yao. Walimpinga kwa hilo, na kwa matari yake katika Maulidi walimpinga zaidi. Alijenga msikiti wa Riyadha huko Langoni mwanzoni mwa karne iliyopita, na leo kila Mfunguo Sita wajukuu wa waliompinga na wajukuu wa waliosomeshwa huandamana bega kwa bega katika zafa, wakala pilau sinia moja, na mgeni hatozwi senti. Pendleton haina sinia hiyo. Kiti cha uwanjani hununuliwa. Lakini utotoni nilipomuuliza bibi yangu kwa nini babu yake hakuwa akikanyaga Riyadha, alinitazama kitambo, akasema, "Hayo yamepita, mjukuu wangu. Kula halua yako."

Jumapili ile nilimpigia simu mjomba wangu Lamu, ambaye ni mwandani wa habari za aila zote za Mkomani, nikamwomba anitajie nyumba ambazo zilimfungia Habib milango, na yetu kama ilikuwamo. Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Unataka kuandika?"

"Ndiyo, mjomba."

"Basi subiri," akasema, nikasikia kiti kikisogezwa, "nikafunge mlango kwanza."