Mkate wa mahindi niliutupa mwenyewe

Wacha nianze kwa kukiri. Wale mnaonifuata mliona ile vidio yangu ya wiki jana: mimi, mashine ya mkate, na mkate wa mahindi unatoka umekaa vizuri kama wa dukani. Wengi mliniuliza resipe, na nitawapa. Lakini kuna kitu sikusema kwa vidio na kimenikaa rohoni.

Mashine aliileta shangazi yangu Desemba. Yeye hutunza wazee huko Georgia, Marekani, na kuna mama mzee aliyemfundisha mkate wa mahindi wa kusini mwa nchi ile. Huko wanaupika kwa kikaango kizito cha chuma ndani ya oveni, na watu hubishana kabisa kama unafaa kutiwa sukari au la. Shangazi hana wakati wa mabishano. Akitoka kazini anatia kila kitu ndani ya mashine, anabonyeza, anaenda kuoga. Aliporudi Marekani akaniachia mashine yenyewe pamoja na pakiti ya unga wa mahindi ya njano.

Nilikuwa nyumbani kwa nyanya, karibu na Kitale. Nikiwa tayari kuchomeka, fundi wa stima aliyekuwa anarekebisha soketi akanishika mkono. Kumbe mashine za Marekani ni za volti 120 na stima yetu ni 240. Ningeichoma siku ya kwanza. Ikabidi nitafute transfoma, kitu kizito kama jiwe la kusagia.

Halafu nyanya akaona unga wa njano. Akasukuma pakiti kando. "Huo ni unga wa njaa. Mwaka wa 1984 ndio tulikula huo. Mimi siuli tena." Kama hujui hadithi hiyo, uliza wazee wa kwenu. Mvua ilikataa, nchi ikaagiza mahindi ya njano kutoka nje, na watu wa umri wake hawajasahau. Sikubishana. Nikachukua gorogoro nikaenda kwa posho kusaga mahindi meupe, na hapo nikapata bahati bila kujua, kwa sababu unga wa posho una chenga kidogo, na mkate huu unazipenda.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu. Nilitia unga wa mahindi mtupu na hamira, nikachagua programu ya mkate wa kawaida. Saa tatu baadaye nikatoa tofali. Sababu ni hii: unga wa ngano una gluteni, ndiyo huvutana na kushika hewa ya hamira hadi mkate unafura. Mahindi hayana. Mashine ikande hata mpaka kesho, hakuna kitu cha kuvuta. Kwa hivyo unaachana na hamira, unatumia beking pauda, na unachagua programu ya keki, ile ya kukoroga kidogo kisha kuoka.

Resipe yenyewe basi. Kikombe 1 cha unga wa mahindi, kikombe 1 cha unga wa ngano, kijiko 1 kikubwa cha beking pauda, chumvi kidogo, sukari vijiko 2 vikubwa, mayai 2, kikombe 1 cha maziwa mala, na robo kikombe cha siagi iliyoyeyushwa. Vitu vya majimaji vitangulie, unga juu. Mashine ikianza kukoroga, fungua ukwangue pembe kwa mwiko, la sivyo utakuta unga mkavu umejificha huko. Ukiiva, chomeka kijiti. Kikitoka kisafi, toa mkate na uuache upoe kabla ya kukata.

Sasa ile sehemu ambayo haikuingia kwa vidio.

Nyanya amepika mkate wa mahindi tangu sijazaliwa. Sufuria juu ya jiko, makaa chini, makaa mengine juu ya kifuniko, ndizi mbivu zimepondwa ndani badala ya sukari. Nikiwa darasa la tano tulikuwa na safari ya shule, na kila mtoto aliambiwa abebe chakula. Nyanya aliamka kabla ya jogoo akaupika, akaufunga kwa jani la mgomba ukiwa moto. Njiani nikafikiria wenzangu watakuwa na mkate mweupe wa kununua, umepakwa Blue Band. Nikautupa kwa mtaro. Jioni nikamwambia ulikuwa mtamu, tena wenzangu waliumaliza wote.

Kwa hiyo nilipomkatia kipande cha mkate wa mashine, nilitarajia aseme wake ni bora. Alikula polepole, akasema umeiva vizuri. Akauliza unakula tokeni ngapi. Kisha akaniangalia.

"Na huu ungepeleka shule?"

Nilinyamaza. Nikamuuliza nani alimwambia. Akasema kuna mama aliuona mtaroni, akatambua jani na mkono wa mpishi, akampitishia habari jioni hiyo hiyo. Miaka yote hiyo alijua. "Ulikuwa mtoto," akasema, akajikatia kipande kingine.

Watu waliandika chini ya vidio yangu kwamba mashine zinaua utamaduni. Siwaungi mkono. Mtu anayesema hivyo hajapuliza kuni mbichi na macho ya nyanya yangu, ambayo moshi umeyamaliza. Yeye mwenyewe anaipenda mashine kuliko mimi. Mashine haikuniambia niuonee aibu mkate wake. Hiyo nilijifundisha mwenyewe, nikiwa na miaka kumi na moja, nikiangalia mikebe ya wenzangu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wiki jana niliurudia. Mkate ule ule wa mahindi niliuita kwa jina la Kizungu, nikapata wapenzi wengi kuliko vidio yoyote niliyowahi kuweka. Hata huko Marekani, mkate huo ulikuwa chakula cha watu wa chini: wenyeji wa asili ndio waliokuwa na mahindi kwanza, na Waafrika waliotiwa utumwani walipewa unga wake kama posho. Nao pia, nadhani, walikuwa na watoto walioona haya.

Nimebadilisha jina la vidio. Sasa inaitwa "Mkate wa mahindi, kama wa nyanya". Jumamosi anaanza kunifundisha ule wa sufuria na makaa, nikipuliza mimi, yeye ameketi mbali na moshi. Kamera itabaki ndani ya nyumba. Nikiuharibu, nitaula hivyo hivyo.